Umande Alioukimbia Mama

Studio yangu ipo Gongoni, chumba kimoja chenye pazia la buluu la picha za pasipoti upande wa kushoto na mlima wa theluji upande wa kulia. Mlima huo ni bango la plastiki nililochapishiwa Dar es Salaam: kilele cheupe, misonobari, na nyumba ya mbao inayofuka moshi. Kando yake, kwenye msumari, linaning'inia koti la mitumba lililojazwa manyoya likavimba kama godoro. Watu wa Tabora wanalipenda koti lile kuliko wanavyonipenda mimi. Mtu anaingia mwezi wa kumi, jua limewaka hata mbwa hawabweki, anavaa koti, anafunga zipu mpaka kidevuni, anakunja mikono mbele ya theluji na kuniambia nifanye haraka kabla hajazimia. Namfuta jasho, nampiga picha, anavua koti, anaomba maji, anaondoka ameridhika.

Mlima ule ungebaki pambo tu kama dada yangu asingekwenda kuishi ndani yake. Ni miaka sita tangu apate kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja huko Ulaya, kwenye mji wa milimani ambako watu wazima, wenye akili zao na familia zao, hufunga mbao miguuni na kujirusha mteremkoni kwa hiari. Picha yake ya kwanza kututumia, amesimama katika theluji iliyomfika magotini. Mama aliitazama muda mrefu, kisha akauliza nani kamwaga unga wote ule na nani atauzoa. Nikamwambia ni barafu. Sasa, barafu anayoijua mama ni ile ya vifuko, ya ubuyu na ya ukwaju, anayouza jirani yetu pale Mtendeni. Mama akasema basi jirani asithubutu kuhamia huko, atakosa mteja.

Mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa tano, dada alinipigia simu akiwa na sauti ya mtu anayejizuia. Hoteli yao ilikuwa inapamba korido ndefu ya kuelekea chumba cha kulia chakula. Kila mfanyakazi alitakiwa kuleta picha moja ya majira ya baridi ya kwao, mandhari tupu, bila mtu, na zote zingetundikwa msimu wa wageni ukianza. Wenzake walitoka nchi za baridi tupu, kila mmoja ana ziwa lililoganda au msitu mweupe wa kijijini kwao. Dada alipofikiwa, msimamizi wake akamwambia kwa upole kwamba yeye asijisumbue, maana kwao hakuna baridi. Dada akajibu kwamba kwao kuna kipupwe. Akakieleza kipupwe kwa lugha yao ya kuokoteza, kwa mikono, kwa kujikunyata mbele yao.

"Wakacheka," aliniambia. "Si kwa ubaya, mdogo wangu, lakini walicheka. Nikataka kuwaeleza kinavyouma, nikaona mwenyewe sikumbuki. Nimesahau baridi ya nyumbani."

Hilo la mwisho lilinichoma. Mtu anaweza kusahau njia, anaweza kusahau jina la mwalimu wake, lakini dada yangu ndiye aliyekuwa akinivutia blanketi usiku wa mwezi wa sita hadi nikabaki nje kama tendegu la kitanda, na sasa anasema hakumbuki. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kazi hiyo ni ndogo, nitampatia kipupwe cha kuwafunga midomo. Alikuwa na mwezi mmoja wa kukabidhi picha. Nilikata simu nikijiona mpiga picha mkubwa, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba maishani mwangu sijawahi kupiga picha isiyo na mtu.

Nilianza na barabara ya zamani ya misafara, ile inayotoka mjini kuelekea Kwihara. Nilirithi pikipiki ya marehemu baba, na saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa juu yake, nimejifunga kanga kichwani, machozi ya baridi yananitiririka hadi masikioni. Nilifurahi mno. Nilikuwa nacheka peke yangu barabarani, kwa sababu niliona ukungu umelala juu ya mashamba ya tumbaku yaliyovunwa, nikajua nimeshaupata. Nikasimamisha pikipiki, nikatoa kamera, nikapiga magoti. Ndani ya dakika moja akatokea baba mmoja mwenye baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa. Akasimama. Akaegesha baiskeli katikati kabisa ya ukungu wangu, akashusha kola, akatulia. Nikamwomba kwa adabu apite, napiga mandhari. Akatazama nyuma yake, akatazama mbele, akaniuliza mandhari ndiyo nini. Nikasema ni mahali bila mtu. Akanihurumia kwa dhati. Akasema picha bila mtu ni hasara, yeye yupo, hana haraka, nimpige tu bure asubuhi hii. Nilimpiga. Picha ni nzuri sana, ipo studio, na mke wake ameshaitolea nakala mbili.

Siku ya pili nilikwenda kwenye mawe makubwa nyuma ya mji, ambako upepo wa asubuhi hupiga hadi meno yanagongana. Nilipanda kwa viganja na magoti. Nilipofika juu nikakuta kwaya. Kwaya nzima, watu wapatao thelathini, wamevaa vitenge vya kufanana, wanarekodi video yao kabla jua halijawa kali. Kiongozi wao aliponiona na kamera alishukuru Mungu hadharani, kwa kuwa mpiga video wao alikuwa amechelewa. Nilishuka mawe yale saa nne nikiwa na picha zao zaidi ya mia, mwaliko wa harusi mbili, na shada la maua ya plastiki ambalo mpaka leo sijui lilifikaje kwenye begi langu.

Siku ya tatu nikaenda Bwawa la Igombe. Hapo niliwashinda binadamu, sikukuta mtu. Nikapiga maji, nikapiga majani, nikapiga mvuke unaopanda juu ya maji, nikarudi nyumbani mbiombio, nikamtumia dada kumi bora. Halafu akaandika: "Nzuri, mdogo wangu. Lakini ni majani." Nilikasirika nikaitupa simu kitandani. Nikaiokota, nikazitazama zile picha tena, na kweli yalikuwa majani. Ubaridi ulionikata masikio kule bwawani haukuingia kwenye kamera hata kidogo. Ungeweza kusema nimepiga saa saba mchana.

Nilihangaika hivyo wiki tatu. Kitete, nyuma ya hospitali, niliuona ukungu mzuri lakini ng'ombe waliuingia kabla yangu. Karibu na stesheni nilipata mataruma ya reli yaliyolowa, mlinzi akanifukuza. Wateja wangu walikuwa wanakuta studio imefungwa, na mmoja akasambaza habari kwamba nimepata mchumba wa alfajiri. Niliacha habari hiyo iendelee, ilikuwa na heshima kuliko ukweli.

Mama alikuwa akinitazama tu. Mama huuza michembe ya viazi vitamu na karanga kwenye baraza la nyumba yetu Mtendeni, na kazi yake hiyo humpa nafasi ya kuona kila anayetoka na kila anayerudi mikono mitupu. Hakuniuliza kitu. Nami sikumwambia, kwa sababu nilidhani mambo ya picha na mandhari hayamhusu.

Jioni moja nilikuwa uani nazungumza na dada kwa spika ya simu. Zilikuwa zimebaki siku tano. Dada akaniuliza kama nimejaribu kupiga umande, maana wapo wenzake waliopiga theluji juu ya nyasi, na umande nao hung'aa. Kwetu, mtu ambaye hakusoma husemwa amekimbia umande, kwa vile watoto hutoka kwenda shule asubuhi nyasi zikiwa zimelowa, na anayeogopa kulowa hubaki nyumbani. Ni utani wa kila siku. Ukikosea hesabu ya chenji utaambiwa umekimbia umande, ukikosea herufi utaambiwa hivyohivyo. Basi nami ulimi ukanitangulia.

"Umande nyumba hii nani anaujua?" nikasema. "Ukoo wa mama wote waliukimbia."

Dada akacheka, nami nikacheka. Nilipogeuka nikamkuta mama mlangoni, ungo wa michembe mikononi. Mama akikasirika hupiga kelele majirani wakatoka; akinyamaza, ujue imeingia. Alinyamaza. Akapita, akatua ungo wake, akaingia ndani. Dada aliendelea kucheka kwenye simu kwa kuwa hakuona, na mimi nilitamani ardhi inipokee. Mama yangu hakumaliza hata darasa la kwanza, na ndiye aliyetuamsha sisi wawili kila alfajiri kwa miaka yote ya shule, akatupaka mafuta miguuni ili umande usitukate. Niliona aibu usiku kucha.

Asubuhi, saa kumi na moja, nilipotoka na ufunguo nilimkuta amesimama kando ya pikipiki. Amevaa kanga mbili, sweta langu la sekondari, na ndala. Nikamsalimia, shikamoo mama, akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida.

"Washa," akasema. "Nikakuonyeshe huo umande niliokimbia."

Mama hapandi pikipiki. Anasema ni jeneza lenye injini. Siku hiyo alipanda, akanishika kiuno kwa nguvu zote, na kila tulipokutana na shimo alitaja jina la Mungu na la marehemu baba kwa pamoja, kana kwamba mmoja wao ndiye aliyechimba. Tulipita Bwawa la Igombe, tukaacha barabara, tukafuata kijia hadi kijijini alikozaliwa. Baridi ilikuwa kali, kiuno changu tu ndicho kilichokuwa na joto, pale alipokuwa ameshika. Nilitaka kumwomba radhi lakini upepo ulikuwa unameza maneno, na mara nikaanza kucheka tena, maana mama alikuwa nyuma yangu ananielekeza njia kwa kunibana mbavu, kushoto mbavu ya kushoto, kulia mbavu ya kulia, kama mtu anayeendesha punda.

Tukatokea kwenye mbuga. Kwetu mbuga ni bonde pana la nyasi ambalo masika hujaa maji, na kiangazi kinapoanza bado chini kuna unyevu. Nilizima pikipiki. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia. Bonde zima, kutoka miguuni petu hadi upande wa pili, lilikuwa jeupe. Si jeupe la kusifia. Jeupe kweli, kila unyasi umebeba matone yake, na hakuna ng'ombe wala baiskeli iliyokuwa imepita. Ng'ambo, mbali kidogo, palionekana paa la bati na mlingoti wa bendera. Nilipiga kelele. Nilimkumbatia mama, nikaruka, nikamkumbatia tena. Akaniambia nimwachie, namsonga.

Kisha akanyoosha kidole. Ile ng'ambo ndiyo iliyokuwa shule yake. Katikati ya bonde palikuwa na kichuguu kikubwa.

"Nilikuwa nafika pale," akasema. "Gauni moja, viatu sina, nyasi zinanipita kifua. Nikifika pale kwenye kichuguu nimelowa chapachapa. Napanda juu, nakaa, natetemeka. Shule naiona, kengele naisikia. Ukifika umelowa na umechelewa, mnasimamishwa nje mpaka mkauke. Basi nakaa pale. Halafu narudi." Akavuta sweta. "Mnasema nilikimbia. Anayekimbia ana mbio. Mimi nilirudi natembea, nalia."

Nikamwambia mama nisamehe. Akasema amenisamehe tangu Igombe, kwenye lile shimo kubwa, alipoona tunakufa. Nikacheka huku nalia, na nikafungua begi la kamera kwa sababu jua lilikuwa haliningoji. Nilikuwa nimeshachuchumaa, nimeshapima mwanga, bonde lote liko ndani ya kioo changu, safi, jeupe, bila kiumbe. Picha ya wiki tatu. Kabla sijabonyeza, kanga ya mama ikapita mbele yangu.

Alikuwa ameingia kwenye nyasi. Amezikunja kanga hadi magotini, ndala zipo mkononi, anakwenda.

"Mama, unaniharibia picha!" nikapiga kelele.

Hakugeuka. Nikamwita tena, nikamsihi, nikamwambia dada ana siku nne tu. Nadhani alinisikia. Aliendelea kwa mwendo wake uleule wa kwendea sokoni, mguu wa kulia akiutupa nje kidogo, na kila alipokanyaga matone yalianguka na nyasi zikabaki nyeusi. Alifika kwenye kichuguu. Akasimama. Kwa muda niliodhani ni mrefu alisimama pale, amenipa mgongo, na mimi nikaacha kuita. Nilishika kamera kifuani nikasema kimyakimya, nenda mama. Akakizunguka kichuguu kwa kulia, akaendelea.

Alitokomea nyuma ya ua wa minyaa wa shule. Mbele yangu likabaki bonde jeupe na mstari mmoja mweusi, unaoanzia miguuni pangu, unaokwenda umepindapinda hadi kichuguuni, unakizunguka, unaendelea hadi ng'ambo. Hapo ndipo nilipobonyeza. Nilipiga mara tatu tu, vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Kisha nikamfuata kwa njia yake ileile. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Nilikuwa nimevaa suruali ya jinzi na raba, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, na nilipofika kwenye kichuguu nilikuwa natetemeka kiasi kwamba nilifikiria kwa uzito kabisa kurudi. Baridi ya umande haipulizi. Inapanda taratibu kutoka kwenye vidole, inasimama magotini, inakusubiri. Mtoto wa miaka saba alikuwa akiingia humu kila siku.

Nilimkuta mama mbele ya darasa la kwanza, kanga zinachuruzika, mlinzi wa shule amesimama naye. Ilikuwa Jumamosi, shule imefungwa. Mlinzi alimsalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka mayo, akamuuliza kama ameleta mjukuu kuandikishwa. Mama akamwambia amekuja mwenyewe. Mlinzi akadhani hakusikia vizuri, akarudia swali, naye akarudia jibu. Dirisha halikuwa na kioo. Mama akaingiza kichwa, akatazama ndani, akahesabu madawati kwa sauti, akauliza kama watoto bado wanalowa. Mlinzi akasema siku hizi kuna barabara upande wa pili, wanakuja wakavu. Mama akaitikia kwamba ni vizuri. Akavaa ndala zake, na tukarudi kwa hiyo barabara, kwa miguu hadi kwenye pikipiki, tukiicheka suruali yangu.

Nilimtumia dada picha mchana uleule bila neno lolote. Aliiona mara moja, nikaona alama ya kusomwa. Nikajua atasema ni majani. Baada ya nusu saa akapiga.

"Nani amepita?" akauliza.

Nikamwambia aangalie mwenyewe. Akasema ameshaangalia, ameikuza mpaka imepasuka, na huo mguu wa kulia unaotupwa nje anaujua. Nikamsimulia yote, pamoja na lile shimo la Igombe. Alilia, akacheka, akaniambia nisubiri avue viatu, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeanza kuuma. Alikuwa chumba cha kufulia, kwenye mvuke, wanakokaushia mashuka, na akaniapia kwamba vidole vyake vimepata baridi. Baridi ya nyumbani, akasema, ile inayopanda kutoka chini. Msimamizi wake alitaka kuikataa picha kwa kuwa ina njia. Dada akamwambia aonyeshe mtu yuko wapi.

Mwezi wa kumi na mbili, wageni walipojaa, alitupigia simu ya video kutoka koridoni. Huku Mtendeni mvua ilikuwa inanyesha, mama yuko barazani na karanga zake. Dada alizungusha simu tukaona ukuta: maziwa yaliyoganda, misitu, milima, theluji ya kila namna, na katikati bonde letu. Chini yake ameandika neno moja la Kiswahili, *Umande*. Mbele yake alikuwa amesimama mgeni mmoja mrefu, mbao zake begani, anauliza kitu huku anafuata ule mstari kwa kidole. Dada akatutafsiria. Mgeni anasema hii ni theluji ya aina gani, hajawahi kuiona, na ni nani aliyepita peke yake hapo.

"Nimjibu nini, mama?" dada akauliza.

Mama akaisogeza simu usoni hadi ikaonekana pua tu. Akamtazama yule mgeni na mbao zake, akatazama njia yake mwenyewe iliyotundikwa ukutani kwa watu.

"Mwambie ni mwanafunzi," akasema. "Alichelewa kidogo, lakini alifika."